Mashuka ya Chumba Namba Tisa: Maisha ya Dada Ozella Renfroe Tinsley

Mbele yenu amelala Ozella Renfroe Tinsley, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Zella, na wachache, najua, hamkumwita kwa jina lolote kwa miaka arobaini na mitatu. Yeye mwenyewe aliagiza karatasi hii isomwe yote, isirukwe mstari, na isomwe na mimi mdogo wake, Cleophus. Wanawe walipouliza kwa nini mjomba na si mchungaji, aliwaambia mchungaji atafupisha. Kwa hiyo mtanivumilia, na wenye safari ndefu mtanisamehe.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1931, katika shamba la pamba la Flint Hill, maili sita kutoka hapa mjini Tarpley, jimbo la Georgia. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Amos Renfroe na marehemu Mama Luvenia. Baba alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na jinsi mavuno yale yalivyogawanywa mnajua, sina haja ya kuwachosha. Mama alikuwa akisema Ozella alizaliwa macho wazi, akawatazama wote mle chumbani mmoja mmoja, ndipo akalia.

Alianza shule mwaka 1937 katika kile chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya kanisa hili, akamaliza darasa la nane mwaka 1946. Ilikuwa shule ya miezi mitano kwa mwaka, miezi mingine ilikuwa ya pamba. Mwalimu wetu alikuwa Bi. Odessa Pruitt, mama mkali, na mwaka ule wa 1941 kioo cha dirisha kilivunjwa kwa mpira. Tulikuwa watoto kumi na tisa, na wote tulikuwa tumeapa kunyamaza.

"Nani kavunja kioo?" mwalimu akauliza. Kimya. Akauliza tena. Ozella akanyoosha mkono.

"Mimi na Cleophus, mwalimu."

"Wewe na nani?"

"Cleophus. Yule anayejificha nyuma ya jiko."

Tulichapwa wote wawili. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikusema naye. Tulipofika kwenye daraja akaniuliza, "Kwani ulitaka nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Nilitaka unyamaze!"

"Nilijaribu, Cleo," akasema. "Ikanikaa kooni."

Alifunga ndoa na marehemu Hosea Tinsley hapa hapa kanisani, Jumapili tarehe 3 Juni 1951. Hosea alikuwa mpanga mbao katika kiwanda cha mbao, mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka polepole kama anayekumbuka kichekesho cha jana. Walijaliwa watoto watatu: Royce, Maxine na Delbert. Nyumba waliyokaa, ile ya ubao karibu na reli, ilikuwa ya mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda huyo alikaa pia kwenye bodi ya hospitali. Nayataja haya kwa sababu yatahitajika mbele kidogo.

Kazi yake ya kwanza na ndefu ilikuwa udobi. Aliingia chumba cha kufulia cha Hospitali ya Tarpley mwezi Agosti 1949 akiwa na miaka kumi na minane, na kufika mwaka 1955 alikuwa ndiye mkuu wa chumba kile, ingawa cheo hakikuandikwa popote. Ninyi vijana mnaiona hospitali ilivyo leo. Wakati ule wazungu walilazwa ghorofa ya juu, kwenye vyumba vyenye madirisha, na sisi tulilazwa chini, karibu na boila la kuchemshia maji, vitanda kumi na vinne kwenye chumba kimoja chenye mabomba yanayodondosha maji. Oksijeni ilikuwa imetandazwa kwa bomba juu tu. Chini kulikuwa na mtungi mmoja, ukiisha unasubiri.

Hata mashuka hayakukutana. Ya juu yalishonwa uzi wa bluu kwenye pembe, ya chini uzi mwekundu. Yalifuliwa mashine mbali mbali, yakapigwa pasi mbali mbali, yakawekwa kwenye makabati mawili. Nyuzi hizo, miaka kumi na saba, alizishona Ozella kwa mkono wake. Kila siku asubuhi muuguzi mkuu wa juu, Bibi Crabb, alipopiga kelele kupitia tundu la kutupia nguo chafu akitaka mashuka, Ozella aliuliza kutoka chini, "Ya bluu au mekundu?" maana pengine kulikuwa na uhaba wa muuguzi na Bibi Crabb huyo huyo alikuwa akiagizia wodi zote mbili. Lilikuwa ni swali la kazi, kama mpishi anavyouliza chumvi.

Mwaka 1964 Rais Johnson alitia saini sheria ya haki za raia, iliyokataza kutenga watu kwa rangi. Mwaka uliofuata akatia saini sheria nyingine, ya serikali kuwalipia wazee matibabu. Sheria hizo mbili zikashikana mikono. Hospitali iliyotaka kulipwa na serikali kwa ajili ya wazee ilipaswa ilaze watu wote pamoja, juu kwa juu na chini kwa chini, na mwisho ulikuwa tarehe 1 Julai 1966. Kabla ya hapo Washington ingetuma mtu aje kutazama kwa macho yake.

Mwezi Juni mwaka huo mama yetu, Mama Luvenia, alikuwa amelazwa kule chini kwa ugonjwa wa moyo. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni na hakuweza kulala chali. Daktari, ambaye alikuwa mzungu na hakuwa mtu mbaya, alimwambia Ozella kwenye ngazi, mdomo ukiwa karibu na sikio, kwamba mama akipata oksijeni mfululizo wiki mbili atapona kiasi cha kurudi nyumbani, na kwa mtungi mmoja wa kugombania hatafika Jumapili. Ozella akamwuliza, "Sasa daktari, si umpeleke juu?" Daktari akatazama viatu vyake.

Mimi wakati ule nilikuwa Florida nachuma machungwa. Nayasema haya kama nilivyoyapata kwa mama, kwa Hosea na kwa marehemu mwenyewe, na wote watatu walikubaliana isipokuwa kwenye jambo moja nitakalolitaja.

Jumatano tarehe 15 Juni, mchana, msimamizi wa hospitali, Bwana Stroud, alishuka mwenyewe chumba cha kufulia. Hakuwa amewahi kushuka. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa kukwepa mabomba.

"Ozella, kesho tuna mgeni kutoka Washington."

"Ndiyo, bwana."

"Saa moja asubuhi wagonjwa sita wa chini watapandishwa juu. Saa kumi jioni watarudi. Nataka vitanda vyao huku chini viwe tayari vimetandikwa, majina juu yake, isiwe fujo. Mama yako ni mmojawapo. Nimemchagua makusudi, nikijua utafurahi."

"Asante, bwana. Kwa hiyo saa kumi anarudi?"

"Saa kumi anarudi. Na mgeni akikuuliza lolote, wewe unafua. Basi."

"Ndiyo, bwana. Mimi nafua."

Alhamisi asubuhi mama na wenzake watano walipandishwa. Vitanda vya juu vilikuwa vimeshatandikwa tangu jana, mashuka safi ya uzi wa bluu. Wahudumu walikuwa wamemshika mama mabega na miguu, wako tayari kumlaza, Ozella nyuma yao, ndipo Bibi Crabb akaingia chumba namba tisa akapiga yowe.

"Wee! Msimlaze hapo! Ozella, toa hayo mashuka, lete yao."

"Bibi, hayo ndiyo ya chumba hiki."

"Najua ni ya chumba hiki! Kesho nani atayalalia tena? Lete yao ya chini."

"Na mgeni, bibi?"

"Mgeni atatazama sura za watu. Umeona wapi mwanamume anatazama pindo la shuka?"

Kwa hiyo wahudumu wakasimama na mama hewani, anahema, mpaka Ozella alipoteremka na kupanda tena. Akatandika vitanda sita mashuka ya uzi mwekundu. Watu wale walikubali sheria ije, walikubali sisi tupande ngazi, walikubali hata mgeni atukute kwenye madirisha yao. Shuka ndilo lililowashinda.

Mama aliwekewa bomba la oksijeni puani. Baada ya kama robo saa rangi ikaanza kurudi midomoni. Akamshika Ozella mkono akamwambia, "Mwanangu, kumbe huku juu ndiko hewa iliko." Ozella akateremka kufua. Saa za mama kukaa juu zilikuwa zimebaki nane na kidogo.

Mgeni alifika saa tatu. Aliitwa Bwana Lindqvist, mtu wa Minnesota, umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, anakohoa, ana daftari. Alipita chumba kwa chumba, Bwana Stroud mbele akifungua milango na Bibi Crabb nyuma akiifunga. Kule chini Ozella alisikia viatu vyao vikitembea juu ya dari, vinasimama, vicheko vinasikika, vinaendelea. Hosea alikuwa amempitia dirishani kabla ya zamu, akamwambia neno moja tu, "Nyumba, Zella." Hakuongeza. Yeye naye alikuwa anamjua.

Saa tano na nusu sauti ya Bibi Crabb ikashuka kupitia tundu la nguo chafu. "Ozella! Shuka, namba tisa, haraka!" Mama alikuwa amemwaga supu.

Alipanda ngazi ishirini na mbili. Chumbani walikuwamo wote watatu: Bwana Lindqvist kando ya kitanda, anafunga daftari, Bwana Stroud anamweleza habari za uvuvi wa mtoni, na Bibi Crabb anatabasamu tabasamu la kupigwa picha. Bwana Lindqvist akasema, "Basi, mimi nimeridhika. Nadhani nimeona ya kutosha."

Ozella akasogea kando ya kitanda na mzigo wake mkononi.

"Bibi Crabb," akasema, "nimtandikie mama ya bluu au mekundu?"

Mama, amelala vile na bomba puani, alimvuta aproni. "Ozella, nyamaza."

"Yoyote tu," Bibi Crabb akasema. "Shuka ni shuka. Weka, uende."

"Samahani," akasema Bwana Lindqvist. "Kuna tofauti gani?"

"Hakuna tofauti," akasema Bwana Stroud. "Mambo ya dobi hayo. Twende tukale, bwana, chakula kinapoa."

Lakini mgeni hakuwa anamtazama Stroud. "Bi. Tinsley," akasema, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa kwenye aproni, "tofauti ni ipi?"

Marehemu alisimulia kwamba aligeuka kutazama nyuma, akidhani ni mama mkwe wake, Bi. Tinsley mkubwa, aliyeingia. Miaka kumi na saba ndani ya jengo lile hakuna mzungu aliyewahi kumwita Bi. yeyote. Alipoona ni yeye anayeulizwa, alijibu.

"Bluu ni ya wazungu, bwana. Mekundu ni yetu. Huyu ni mama yangu. Alipandishwa saa moja leo asubuhi, na saa kumi anarudishwa chini. Kitanda chake nimeshakitandika mwenyewe, jina liko juu yake."

Mama alifumba macho. Bwana Lindqvist akapiga goti, akafunua pindo la kitanda cha mama, akatazama uzi. Kisha akaenda chumba cha jirani, na kingine, anapiga goti kila kitanda, anafunua, anaandika. Vitanda ishirini na tatu vya wazungu, bluu. Vitanda sita vyetu, uzi mwekundu. Alipomaliza akaomba aoneshwe chini, na kule akakuta vile vitanda sita vimetandikwa vinasubiri, majina yakiwa yameandikwa vizuri kwa mwandiko wa dada yangu.

"Nenda kachukue koti lako," Bwana Stroud akamwambia Ozella kwenye ngazi. Hivyo ndivyo kazi ya miaka kumi na saba ilivyokwisha.

Alichukua koti, akalivaa, na badala ya kutoka nje akapanda tena juu akaketi kando ya mama. Ilipogonga saa kumi wahudumu wawili wakaja na machela. Walikuwa watu wetu, mmoja ameoa upande wa Hosea, na walikuwa wanaona haya.

"Dada Ozella, tumetumwa."

"Najua mmetumwa."

"Tupishe basi, dada. Tusifukuzwe na sisi."

"Muda wa kuona wagonjwa unaisha saa kumi na moja," akawaambia. "Na mimi tangu saa sita ni mgeni tu wa kuona mgonjwa. Mwambieni Bwana Stroud aje anitoe mwenyewe."

Bwana Stroud alikuja. Alifika mpaka mlangoni, mkono umeshashika kitasa, ndipo akatazama dirishani. Kule uani gari la Bwana Lindqvist lilikuwa bado limesimama, na yeye amekaa ndani, madirisha wazi kwa joto, anaandika, anakohoa. Kila baada ya muda aliinua kichwa kutazama madirisha ya juu. Stroud alisimama pale, marehemu alisema, muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Kisha akawapungia wahudumu wateremke. Gari liliondoka jua lilipokuwa linazama, na likarudi kesho yake asubuhi.

Mama Luvenia alikaa juu siku kumi na mbili. Alitoka kwa miguu yake tarehe 28 Juni, akaishi mpaka tarehe 2 Februari 1969, na alifia nyumbani kwetu akiwa amekula mkate wa mahindi na kulalamika kwamba haukuiva.

Gharama yake ilikuwa hii. Tarehe 20 Juni Hosea aliambiwa kiwandani asirudi, na nyumba iwe tupu kufika Jumamosi. Watu watano wakahamia chumba kile cha nyuma ya kanisa. Hosea alimwambia jambo moja tu walipokuwa wanabeba kitanda. "Mke wangu, hata mimi hukuniuliza." Yeye akamjibu, "Ningekuuliza ungenikataza, na mimi ningekutii." Hosea akacheka kile kicheko chake cha polepole, lakini safari hii kilichelewa sana kuja.

Lakini kuna gharama ambayo hakuilipa yeye, na hiyo ndiyo aliyoagiza isirukwe. Hospitali ilinyimwa cheti cha kulipwa na serikali. Tarehe 1 Julai ikafunga wodi ya chini, ikasema inatengeneza mabomba, na kule juu ikasema hapana nafasi. Kwa wiki kumi na moja, mpaka wakaguzi waliporudi tarehe 16 Septemba wakakuta wagonjwa wamechanganywa kweli, mtu mweusi mgonjwa hakuwa na pa kulazwa Tarpley. Tarehe 19 Julai 1966, Jumanne, Mzee Enos Goolsby wa kanisa hili, umri miaka sabini na miwili, alianguka bustanini kwake, upande mmoja umekufa. Hospitali ikamkataa mlangoni. Binti yake, Dada Arletha, alimpakia nyuma ya lori la jirani kumpeleka mji wa pili, maili arobaini na saba. Alikata roho njiani, lori likiwa limesimama kusubiri treni ya mizigo ipite.

Jumapili iliyofuata, mbele ya mlango ule pale, Dada Arletha alimsimamisha dada yangu watu wakitoka ibadani.

"Mama yako alipata dirisha," akamwambia. "Baba yangu kapata nyuma ya lori. Ulimpandisha wako, halafu ukafunga mlango, Ozella."

Na si yeye peke yake aliyesema hivyo, Dada Arletha alikuwa na ujasiri tu wa kusema kwa sauti. Kuna benchi humu ndani lililohama upande mwaka ule na halijarudi.

Lile jambo ambalo hawakukubaliana ni hili. Mama na Hosea, mpaka walipokufa, walisema swali lile lilimtoka Ozella kwa mazoea, na hivyo ndivyo walivyomtetea mjini: mtu kauliza swali la kazi, kosa lake nini? Miaka mingi baadaye, tukiwa tunamenya mbaazi jikoni kwake, nilimwuliza.

"Zella, lilikutoka tu, sivyo?"

Aliendelea kumenya. "Nilipanda na mashuka ya aina mbili mkononi, Cleo. Mtu aliyesahau angepanda na aina moja."

"Na Mzee Enos?"

"Mzee Enos sikumbeba mkononi. Sikumfikiria kabisa. Nilikuwa nafikiria mama tu."

"Ungenyamaza angelazwa chini, labda naye angekufa chini."

"Usiniletee hiyo labda," akasema. "Nimeivaa mpaka imetoboka."

Hakuwahi kusema anajuta swali lile. Hakuwahi kusema pia kwamba Dada Arletha amekosea. Kila tarehe 19 Julai alikwenda kupalilia kaburi la Mzee Enos, na alikwenda alfajiri ili asimkwaze binti wa mwenye kaburi. Mimi nilimpeleka mara nne, nikabaki kwenye gari.

Hospitali haikumrudisha kazini. Mwaka 1967 serikali ilipofungua shule ya watoto wadogo katika ukumbi wetu wa chini, kwenye ule mpango wa Rais wa kupambana na umaskini, aliajiriwa kuwa mpishi, akapika hapo mpaka alipostaafu mwaka 1994. Nusu ya watu mliokaa humu mmekula uji wake na pai yake ya viazi vitamu, na wengine, sitawataja, mlijificha chini ya meza mkikataa sukuma. Hosea alimtangulia tarehe 8 Novemba 1988.

Alianza kuugua sukari mwaka 1999, na figo zikafuata mwaka 2006. Siku tatu kwa wiki alisafishwa damu katika hospitali ile ile, na wauguzi wasichana hawakuwa na habari yeye ni nani, wala hakuwaambia. Mwezi Septemba mwaka huu aliomba mashine isimamishwe. Alikufa nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, umri miaka sabini na minane, akiwa na binti yake Maxine na mimi.

Chini ya mto wake tulikuta orodha ya wafiwa kwa mwandiko wake, na mwishoni mwa orodha jina la Dada Arletha Goolsby. Watoto walibishana. Royce alisema, "Mjomba, yule mama hajamsalimia mama yangu tangu nina miaka kumi na minne. Anaingiaje humu?" Nikasema siwezi kumwandika mtu mfiwa bila ruhusa yake. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kwake.

Hakufungua mlango wa wavu. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Cleophus Renfroe."

"Wewe hujafa bado?"

"Bado, dada."

"Unauza nini?"

"Siuzi. Nina karatasi nataka uisikie."

Nilimsomea pale barazani, nimesimama, yote haya mliyoyasikia mpaka kufikia mto. Nilipomaliza akasema, "Pale pa baba yangu, rudia." Nikarudia. "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

"Alikuwa na sabini na miwili, si sabini na moja. Rekebisha."

Nikatoa kalamu nikarekebisha nimeegemea ukuta wake.

"Na hiyo ya kaburi," akasema. "Unadhani sikujua? Kaburi halijipalilii."

Nikarudisha kalamu mfukoni.

"Sitakuja kumzika, Cleophus. Miguu yangu mibaya. Usiende ukawaambia watu nimesamehe, na usiwaambie sijasamehe. Waambie miguu."

"Nitawaambia miguu, dada. Na jina?"

Akashika kitasa cha mlango wa wavu. "Liandike," akasema. "Chini kabisa, baada ya watoto na wajukuu. Lakini usiniandike rafiki."

"Nikuandike nani?"

Akaniambia. Ndivyo nilivyoandika.

Marehemu ameacha watoto watatu: Royce na mkewe Loretha, wa Atlanta, Maxine, wa hapa Tarpley, na Delbert, wa Detroit. Ameacha wajukuu saba na vitukuu wanne. Ameacha mdogo wake, Cleophus Renfroe. Na ameacha Arletha, binti wa Enos Goolsby.

Bwana mpokee dada yetu, umpe utulivu ambao sisi hatukuweza kumpa.